Kuchora ramani ya safari za kwenda kazini kutoka data ya sensa: mwongozo kamili kwa kutumia QGIS

Sensa inayouliza watu wanafanyia kazi wapi huzaa jedwali refu lisilovutia macho hata kidogo. Lina msimbo wa eneo ambako mtu analala, msimbo wa eneo ambako anafanya kazi, na idadi ya watu wenye safari ya namna hiyo. Basi. Lakini ukilichora, unaona mambo ambayo ramani ya mipaka ya utawala haiwezi kukuonyesha: miji inayovuta watu kutoka mbali, miji ambayo asubuhi hubaki mitupu, na mahali ambapo mpaka wa wilaya umepita katikati ya watu wanaoishi maisha ya mji mmoja.

Mwongozo huu unatumia QGIS, programu huria ya mifumo ya taarifa za kijiografia inayopatikana bure kwa Windows, macOS na Linux. Data ni ya sensa ya Uingereza na Wales iliyofanyika tarehe 27 Machi 2011. Nimeichagua kwa sababu iko wazi kwa kila mtu, ina maelezo mazuri, na ni kubwa kiasi cha kukufundisha matatizo yote utakayokutana nayo kwingine. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote. Kuchora mistari yenyewe ni kazi ya dakika chache. Kazi halisi ni kuamua kipi kisichorwe, na kila uamuzi wa namna hiyo unabadilisha kile ambacho ramani inasema. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye uchujaji kuliko kwenye rangi.

Fahamu kwanza namba inahesabu nini

Jedwali tunalolitaka linaitwa WU03EW. Linapakuliwa kwenye tovuti ya Nomis, inayotoa takwimu rasmi kwa niaba ya Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya huko, ONS. Kila safu inaunganisha eneo la makazi na eneo la kazi, kisha inatoa jumla ya watu na mgawanyo wao kwa njia ya usafiri: treni, basi, teksi, pikipiki, kuendesha gari, kupanda gari kama abiria, baiskeli, miguu na kadhalika.

Namba hizo ni watu, si safari. Mwenye kwenda ofisini mara mbili kwa wiki na mwenye kwenda siku sita wote wanahesabiwa mmoja mmoja. Tena fomu ya mwaka 2011 ilimtaka mtu achague njia moja tu, ile inayochukua sehemu ndefu zaidi ya safari yake kwa umbali. Anayeendesha gari kilomita tano hadi stesheni, akapanda treni kilomita arobaini, kisha akatembea hadi ofisini, kwenye jedwali ni mtu wa treni. Gari lake halionekani popote. Ukichora ramani ya magari kutokana na jedwali hili kisha ukadai ni ramani ya msongamano karibu na stesheni, umeipa data mzigo usiouweza.

Maeneo yanayotumika yanaitwa MSOA, vipande vya kitakwimu vilivyokatwa ili kila kimoja kiwe na wakazi kati ya 5,000 na 15,000 hivi. Mwaka 2011 vilikuwa 7,201. Misimbo ya upande wa Uingereza huanza na E02, na ya Wales huanza na W02.

Fanya hesabu kidogo: 7,201 mara 7,201 ni jozi zaidi ya milioni 51. Jedwali lina safu zaidi ya milioni 2 tu, kwa maana jozi nyingi mno hazina mtu hata mmoja, na kati ya zilizobaki, nyingi zina watu wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kundi la watu wa jozi moja, yaani safu moja ya jedwali, nitaliita mtiririko. Hili ndilo umbo la kawaida la data ya safari popote pale: mitiririko michache minene, na msitu wa mitiririko myembamba. Likumbuke, tutalirudia.

Unachohitaji mezani

Vitu viwili tu. Cha kwanza ni faili la CSV la WU03EW, yaani jedwali la maandishi matupu lenye mikato kati ya thamani. Cha pili ni nukta za vitovu vya MSOA za mwaka 2011, zinazopatikana kwenye tovuti ya jiografia ya ONS. Chukua vitovu vilivyopimwa kwa idadi ya watu, usichukue vya kijiometri. Kitovu cha kijiometri ni katikati ya umbo, na katika eneo kubwa la mashambani kinaweza kuangukia mlimani ambako haishi mtu. Kile cha idadi ya watu kinakaa karibu na kijiji wanakoishi wengi. Kwa mjini tofauti ni ndogo, ila huko Wales na kaskazini mistari inahama waziwazi.

Ukipenda, ongeza poligoni za MSOA na mstari wa pwani kwa ajili ya mandhari ya nyuma.

Onyo moja kabla hujagusa chochote: usilifungue faili la CSV kwa Excel na kulihifadhi upya. Karatasi ya Excel inaishia safu 1,048,576. Zilizobaki zinakatwa, nawe unabaki na zaidi ya nusu ya nchi imepotea huku ramani ikionekana nzuri tu.

Hatua ya 1: Kuandaa mradi na faili la GeoPackage

Fungua mradi mpya na uuwekee mfumo wa majira (CRS, yaani namna ya kutaja mahali kwa namba) EPSG:27700, ule wa gridi ya taifa ya huko. Vipimo vyake ni mita, kwa hiyo hesabu za umbali zitatoka sawa bila kuhangaika na digrii.

Leta faili la vitovu. Kama limekuja na latitudo na longitudo (EPSG:4326), lipitishe kwenye zana ya "Reproject Layer" iliyomo ndani ya Processing Toolbox. Usitumie "Set Layer CRS" kwa kazi hii. Hiyo inabadilisha lebo tu bila kuhamisha nukta, na matokeo yake nchi nzima inajikunja kuwa doa dogo karibu na asili ya gridi. Hilo likikutokea, sababu ni hiyo.

Kwa CSV, nenda "Layer", "Add Layer", "Add Delimited Text Layer". Chagua faili, weka alama kwenye "No geometry", na hakikisha "Detect field types" imewashwa. Angalia sampuli iliyo chini ya dirisha: misimbo isomeke kama maandishi, na idadi isomeke kama namba kamili. Usilipite hili haraka. Idadi ikisomwa kama maandishi, kompyuta italinganisha herufi kwa herufi, na kwake 9 itakuwa kubwa kuliko 25. Uchujaji wako wote utakuwa batili na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Majina ya safuwima yanayokuja na faili ni marefu mno. Bofya tabaka kwa kitufe cha kulia, chagua "Export" kisha "Save Features As", hifadhi kama GeoPackage, halafu yabadilishe majina kwa zana ya "Refactor fields". Mimi hutumia majina mafupi: nyumbani, kazini, wote, treni, basi, gari, baiskeli, miguu. Jedwali jipya nimeliita mitiririko, na vitovu nimeviita vitovu. Mifano yote iliyo chini inatumia majina hayo. GeoPackage inafunguka na kutafuta kwa kasi kubwa kuliko CSV, na unaweza kuweka kila kitu cha mradi ndani ya faili moja.

Hatua ya 2: Kuchuja, na gharama zake

Kuna safu za aina tatu za kuamulia kabla ya kuchora.

Ya kwanza ni zile ambazo makazi na kazi viko ndani ya MSOA moja. Hazina mstari wa kuchorwa, kwani mwanzo na mwisho ni nukta ileile. Watu hao si wachache, na wengi wao huenda kazini kwa miguu. Ramani ya mistari inawafuta kabisa. Ndiyo maana napenda kuwatengea jedwali lao na kuwaonyesha kama duara juu ya kitovu, au walau kuwataja kwenye maelezo ya ramani.

Ya pili ni misimbo ya mahali pa kazi inayoanza na OD badala ya E02 au W02. Hiyo inasimamia wanaofanya kazi nyumbani, wasio na mahali maalumu pa kazi, walio kwenye mitambo ya baharini, na wanaofanya kazi nje ya nchi. Fundi wa ujenzi anayehama kila mwezi kutoka eneo hadi eneo yumo humo. Hana nukta kwenye ramani, ila ana safari kila asubuhi, na mara nyingi ni ndefu kuliko ya karani.

Ya tatu ni mitiririko midogo, na hapa ndipo ramani nyingi zinapopotosha. Ukichora safu zote milioni mbili unapata wingu. Kwa hiyo watu huweka kiwango cha chini, tuseme watu 25, na ramani inasafika papo hapo. Tatizo ni kwamba kiwango kimoja kwa nchi nzima kinaupendelea mji. Mashambani watu wachache wanatawanyika kwenda sehemu nyingi, kwa hiyo hakuna jozi hata moja inayofikia 25. Katikati ya Wales inatoka nyeupe, na msomaji anadhani huko hakuna anayekwenda kazini.

Dawa ninayoipendekeza ni kuchora matabaka mawili. Tabaka moja lina mitiririko yote ya 25 na zaidi. Jingine lina mtiririko mkubwa kuliko yote wa kila eneo la makazi, hata kama una watu 12 tu. Hilo la pili unalipata kwa zana ya "Extract by expression". Kwanza ondoa safu za ndani ya eneo moja na za misimbo ya OD, kisha weka:

"wote" = maximum("wote", group_by:="nyumbani")

Sasa kila eneo lina angalau mstari mmoja, na mashamba yanaonyesha yanategemea mji upi.

Kuhusu namba ndogo kabisa, moja na mbili: kabla ya kuchapisha data ya 2011, ONS ilibadilishanisha baadhi ya rekodi za kaya kati ya maeneo ili kulinda siri za watu. Kwa hiyo safu yenye mtu mmoja usiichukue kama ushahidi kwamba yupo mtu huyo mwenye safari hiyo. Kwa jumla kubwa, athari yake ni ndogo.

Hatua ya 3: Kugeuza safu kuwa mistari

Nenda "Layer", "Create Layer", "New Virtual Layer". Kwenye kisanduku cha swali ("Query") andika haya kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata:

SELECT m.nyumbani, m.kazini, m.wote, m.treni, m.gari,
MakeLine(a.geometry, b.geometry) AS geometry
FROM mitiririko m
JOIN vitovu a ON m.nyumbani = a.msoa11cd
JOIN vitovu b ON m.kazini = b.msoa11cd
WHERE m.nyumbani <> m.kazini AND m.wote >= 25

Swali hili linakwenda kwenye tabaka la vitovu mara mbili: mara ya kwanza kuchukua nukta ya nyumbani, mara ya pili kuchukua nukta ya kazini, kisha linavuta mstari kati yao. Kwa tabaka la pili, lile la mtiririko mkubwa wa kila eneo, tumia swali hilohilo kwenye jedwali ulilolichuja kwa "Extract by expression", bila sharti la 25. Misimbo ya OD inajiondoa yenyewe, kwa kuwa haina mwenzake kwenye vitovu. Hapo hapo ndipo kosa la kimyakimya linapoweza kujificha: kama ulipakua vitovu vya mwaka mwingine, misimbo iliyobadilika nayo itajiondoa bila kelele.

Kwenye kompyuta yenye nguvu kidogo, anza na mji mmoja. Jaribu kwanza kwa kuongeza sharti la kazini = 'E02000001'. Hiyo ni City of London, ambayo yote ni MSOA moja. Mwaka 2011 ilikuwa na wakazi wasiofika 8,000, lakini waliofanya kazi humo walizidi 300,000. Kwa mfano huu shusha kiwango hadi 5 na uangalie. Mistari inamiminika kutoka Essex, Kent, Surrey na Hertfordshire. Paka rangi kwa kutumia safuwima ya treni ukiigawa kwa wote, na utaona kwamba nje ya London yenyewe karibu mistari yote ni ya treni.

Tabaka la "virtual" linakokotolewa upya kila unaposogeza ramani, kwa hiyo likikubali, lihifadhi mara moja ndani ya GeoPackage kwa "Save Features As". Kuanzia hapo fanya kazi na nakala hiyo.

Hatua ya 4: Kukagua kabla ya kupamba

Fungua "Field Calculator", ongeza safuwima ya km yenye desimali, na uandike length($geometry) / 1000. Kisha panga jedwali kwa urefu.

Juu kabisa utakuta mistari ya mamia ya kilomita. Usiifute kwa hasira. Mingine ni ya watu wanaolala karibu na kazi siku za wiki na kurudi nyumbani mwishoni mwa juma. Mingine inatokana na mtu kuandika anwani ya makao makuu ya mwajiri badala ya tawi analofanyia kazi. Jedwali haliwezi kukutenganishia hizo mbili. Ukiamua kuweka kikomo cha kilomita 100, kiandike kwenye ramani.

Kisha linganisha jumla. Kwa zana ya "Basic statistics for fields", tafuta jumla ya wote kwenye jedwali asili na kwenye mistari uliyobaki nayo. Unaweza kushangaa sehemu ya watu uliyowaacha nje. Asilimia hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ninayoitafuta ninaposoma ramani ya mtu mwingine, na mara nyingi siioni.

Hatua ya 5: Kuipa ramani sura

Kwenye "Symbology" chagua mstari wa kawaida, kisha unene wake uutawale kwa data. Bofya kitufe kilicho pembeni ya "Stroke width", chagua "Edit", na uandike:

scale_linear("wote", 25, 1500, 0.025, 1.5)

Namba 1500 ibadilishe kulingana na data yako. Napendelea unene ulingane moja kwa moja na idadi, kwa sababu jicho husoma unene wa mstari kama kiasi. Kipeuo cha pili hufaa kwa duara, ambalo jicho hulisoma kwa eneo.

Baada ya hapo fungua sehemu ya "Layer Rendering". Kuna njia mbili za kuzuia mistari isifunikane.

Njia ya kwanza, kwenye mandhari nyeupe: punguza "Opacity" ya mistari, washa "Control feature rendering order", na upange kwa "wote" kupanda, ili minene ichorwe mwisho na kukaa juu. Bila mpangilio huo, mtiririko wa watu elfu unaweza kuzikwa chini ya mitiririko mia ya watu ishirini ishirini.

Njia ya pili, kwenye mandhari nyeusi: weka rangi hafifu ya machungwa au buluu, kisha kwenye "Feature" chagua "Addition". Mistari inayopishana inajumlisha mwanga wake, na vitovu vya miji vinang'aa vyenyewe. Kwa njia hii mpangilio wa uchoraji hauna maana tena, kwa sababu kujumlisha hakujali nani alitangulia. Angalia usichague "Layer" badala ya "Feature", maana hiyo inachanganya tabaka zima na lililo chini yake, na mistari yenyewe haichanganyiki. Ramani hizi hupendeza sana, ila kiasi hakisomeki juu yake. Zitumie kuonyesha umbo, na idadi uitoe kwenye jedwali la pembeni.

Mstari wa A kwenda B na wa B kwenda A hulaliana kabisa. Kama mwelekeo si hoja yako, zijumlishe kwa SQL ukitumia min(nyumbani, kazini) na max(nyumbani, kazini) kama ufunguo wa GROUP BY. Kama mwelekeo ndiyo hoja, usitegemee mishale midogo, kwani kwenye mistari elfu kumi inageuka vumbi. Chora ramani mbili kando kwa kando: wanaoingia na wanaotoka.

Jambo jingine la kumweleza msomaji ni kwamba mstari ulionyooka si barabara. Wa kutoka Cardiff kwenda Weston-super-Mare unapita juu ya maji ya mlango wa Severn, ilhali mwenye gari huzunguka hadi darajani. Kilomita ulizozipima ni za ndege.

Hatua ya 6: Kutoa ramani

Fungua "New Print Layout". Weka ufunguo unaosema "idadi ya wafanyakazi", kiwango cha chini ulichotumia, kikomo cha umbali kama kipo, na tarehe ya sensa. Data hii hutolewa chini ya leseni ya Open Government Licence, inayokutaka utaje chanzo, na mipaka ina sharti lake la kutaja Ordnance Survey, shirika la ramani la huko. Maneno kamili yamo kwenye ukurasa ulikopakua, kwa hiyo yanakili yalivyo.

Ukitumia "Addition", toa ramani kama PNG ya dpi 300. PDF yenye uchanganyaji wa rangi huweza kufunguka tofauti kutoka programu moja hadi nyingine.

Kama unataka sensa ya 2021

Hatua ni zilezile, ila siku ya sensa ilikuwa tarehe 21 Machi 2021, katikati ya vizuizi vya korona. Mamilioni walikuwa wakifanya kazi nyumbani, na wengine walikuwa wamesimamishwa kwa malipo. Ukiiweka kando ya ramani ya 2011 na kutangaza kwamba usafiri wa treni umeporomoka, unachoonyesha ni hali ya majira yale, si tabia ya muongo mzima. MSOA nazo zimefika 7,264 baada ya baadhi kugawanywa na nyingine kuunganishwa, kwa hiyo pakua vitovu vya 2021, na kwenye SQL ubadilishe msoa11cd kuwa msoa21cd. Kwa maeneo yaliyobadilika, tumia jedwali la ulinganisho wa misimbo linalotolewa na ONS, na uyaunganishe hadi ukubwa ambao miaka yote miwili inaupata, kabla ya kutoa namba moja kwenye nyingine.